Nywele zinadondoka? Tazama ncha kwanza, dawa baadaye

Kuna nywele zinazong'oka kichwani na kuna zinazokatikia njiani. Chanzo cha hizi si chanzo cha zile, na tiba hazifanani. Hata hivyo watu wengi hununua mafuta ya kukuza, vidonge na maji ya vitunguu kabla hawajajua zao ni zipi. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili: tafuta unachokiona kichwani kwako au kwa mwanao, kisha fuata sababu zake. Ila usiruke hatua ya kwanza.

Okota unywele uliodondoka

Chukua nywele kama 20 kutoka kwenye mto, chanuo au beseni la kuogea. Zitandaze juu ya karatasi nyeupe (kama zina mvi, tumia kitambaa cheusi) na uangalie ncha zote mbili. Unywele mrefu wenye kidoto cheupe upande mmoja umetoka kwenye ngozi. Vipande vifupi, vya urefu usiolingana, visivyo na kidoto popote, vimekatika.

Kidoto hicho kinawatisha watu bure. Wanadhani mzizi umeng'oka na hapo hapataota tena. Ukweli ni huu: kila unywele huotea ndani ya kinyweleo, kijishimo kilichozama kwenye ngozi, na chini yake kuna seli zinazogawanyika kwa kasi huku zikilishwa na mishipa midogo ya damu. Seli hizo hujaa keratini, protini ngumu inayounda unywele, hukauka na kusukumwa juu, kwa hiyo unywele unaouona nje hauna uhai tena. Kinyweleo cha kichwani hufanya kazi hiyo bila kusimama kwa miaka 2 hadi 6. Kisha hunywea kwa wiki 2 au 3, halafu hupumzika miezi 3 hivi, unywele wa zamani ukiwa umeshikwa tu na ile ncha nyeupe. Baada ya hapo unywele huo hutoka na mpya hushika nafasi. Kidoto ni alama ya unywele uliomaliza muda wake. Seli za kuotesha zimebaki palepale chini.

Muda huo wa kuota ndio unaoamua urefu. Nyusi na nywele za mikononi hubaki fupi maisha yote kwa sababu vinyweleo vyake huota kwa majuma au miezi michache tu, kisha hupumzika.

Kichwa kina nywele zipatazo 100,000, na kwa wenye nywele za kipilipili idadi huwa pungufu kidogo. Takribani tisa katika kila kumi zinaota, zilizobaki zimepumzika. Sisi hatunyonyoki kwa msimu kama kuku. Kila kinyweleo kina ratiba yake, na hivyo kila siku zipo zinazotoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni afya ya kawaida.

Donge kubwa baada ya kufumua

Hii ndiyo hofu ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, na mara nyingi haina ugonjwa ndani yake. Umekaa na rasta wiki 6, sawa na siku 42. Nywele 50 hadi 100 kwa siku zinafanya jumla ya 2,100 hadi 4,200. Hazikudondoka chini kwa kuwa zilifungwa ndani ya msuko. Siku ya kufumua zinatoka zote pamoja na kujaa kiganja. Anayeosha na kuchana mara moja kwa wiki naye atakuta nywele 350 hadi 700, wakati jirani yake anayechana kila asubuhi haoni kitu.

Kama nywele za donge lile nyingi ni ndefu na zina vidoto, na kichwani huoni ngozi kuliko zamani, endelea na maisha yako. Linganisha donge la leo na la msuko uliopita wa muda uleule, wala usilinganishe na la dada yako. Ukikuta vipande vifupi vingi, nenda kwenye sehemu ya nywele zinazokatika.

Lipo kosa moja la kufumua linaloharibu nywele nzima: kuosha kabla ya kuchambua. Nywele zilizokwisha kutoka bado zimejiviringisha kwenye zilizoshika kichwani, na maji yakiingia zinafungana mafundo ambayo msusi atayararua. Gawa kichwa mafungu, paka kondishena au mafuta, ondoa kwa vidole uchafu uliokaa kwenye mwanzo wa kila msuko, chana kuanzia nchani kupanda juu, kisha ndipo uoshe. Na msuko usizidi wiki 6 hadi 8.

Zinapungua kichwa kizima, na ilianza ghafla

Vidoto vipo, ngozi haiwashi wala haina magamba, lakini ukipitisha vidole zinakuja kila mara. Usitafute sababu ndani ya wiki hii. Rudi nyuma miezi 2 hadi 3 ujiulize kulitokea nini.

Mwili ukipata mshtuko, vinyweleo vingi huacha kuota kwa pamoja na kuingia mapumziko. Mapumziko huchukua ile miezi 3, kwa hiyo nywele hudondoka wakati mgonjwa ameshapona na amesahau. Homa kali ya malaria, dengi, taifodi au UVIKO-19, upasuaji, kutokwa damu nyingi, msiba mzito, kupungua uzito kwa haraka kwa kujinyima chakula, kuacha vidonge vya uzazi wa mpango: yote haya yanaweza. Watu hulaumu shampuu waliyobadilisha juzi, na shampuu haihusiki.

Mama aliyejifungua ana sura yake ya tatizo hili. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nywele zisiingie mapumziko, ndiyo maana wajawazito wengi huonekana na nywele nzito. Baada ya kujifungua zile zilizocheleweshwa huondoka pamoja, kwa kawaida kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 4, na panjani ndipo panapoonekana zaidi. Mama, usiache kunyonyesha kwa ajili ya hili. Kwa walio wengi nywele hurudi hali yake kufikia mwaka mmoja wa mtoto. Dalili nzuri ni vinywele vifupi vyenye ncha nyembamba vinavyosimama mbele. Hivyo ni vipya, havijakatika.

Iwapo kudondoka kumepita miezi 6, au hukumbuki tukio lolote, omba vipimo vya damu: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma na tezi ya thairoidi. Upungufu wa chuma umejaa kwa wanawake wetu, na kila mara una chanzo kinachotakiwa kutafutwa: hedhi nzito, uvimbe kwenye kizazi, mimba za karibukaribu, minyoo ya safura. Kumeza vidonge vya chuma bila kutibu hedhi inayomwaga damu kila mwezi hakufiki mbali. Kwenye chakula, maini, nyama, dagaa na maharage husaidia, na ndimu au chungwa juu ya mboga za majani huongeza chuma kinachofyonzwa. Chai ya rangi pamoja na mlo hukipunguza. Inywe saa moja au mbili baadaye.

Vidonge vya bayotini, aina ya vitamini B, vinauzwa kila duka la vipodozi kama dawa ya nywele. Asiye na upungufu wa bayotini, na upungufu wenyewe ni nadra, hana ushahidi wa maana kwamba vitamsaidia. Tena dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, kikiwemo cha thairoidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Kama unavitumia, mwambie daktari kabla hajachukua damu.

Zipo pia dawa za hospitali zinazodondosha nywele, kwa mfano valproeti ya kifafa na baadhi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Usiache dawa ya kifafa kwa sababu ya nywele. Rudi kwa aliyekuandikia. Dawa za saratani ni jambo jingine: zenyewe hushambulia seli zinazogawanyika upesi, hivyo nywele hutoka ndani ya wiki 1 hadi 3, wala hazisubiri miezi, na kwa kawaida huota tena matibabu yakiisha.

Nywele za mbele na panjani zinarudi nyuma

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu tatizo hili tunajisababishia sisi wenyewe na watoto wetu, na linazuilika kabisa.

Kinyweleo kikivutwa muda mrefu huvimba, kisha hudhoofika, na mwisho hugeuka kovu. Dalili za mwanzo ni maumivu siku ya kusuka, ngozi kuinuka kama mahema madogo kuzunguka kila msuko, vipele vidogo vyeupe au vyenye usaha kwenye mstari wa nywele. Hatua inayofuata ni nywele nyembamba, fupi, zenye mapengo. Mara nyingi hubaki ukanda mwembamba wa vinywele vya awali mbele kabisa, na nyuma yake pametupu. Ukiuona ukanda huo, chanzo karibu kila mara ni kuvutwa. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa wana upungufu wa nywele wa aina hii.

Wanaobeba hatari kubwa ni wanaosuka au kushona wivingi juu ya nywele zilizotiwa dawa, wanaoongeza rasta ndefu na nzito, wenye dredi zinazokazwa mara kwa mara, na wasichana wanaofunga kibutu kilekile kila siku chini ya hijabu iliyobanwa. Hijabu yenyewe haina kosa. Legeza kibutu, badilisha mahali pa kukifunga, na vaa kitambaa laini ndani.

Kama ngozi bado ina vitundu vya vinyweleo, kuna matumaini: acha misuko ya kukaza yote kwa miezi kadhaa, na daktari anaweza kuongeza dawa ya kutuliza uvimbe au minoksidili, dawa ya kuchochea nywele kuota. Ikiwa ngozi imekuwa laini inayong'aa, bila kitundu, kovu limeshaingia, na hakuna mafuta yatakayotoboa kovu. Mafuta ya nyonyo yanasifiwa sana kwa nywele za mbele, lakini hayajathibitishwa kuotesha nywele. Kinachofanya kazi ni kuacha kuvuta.

Kwa msusi: mteja akisema inauma, legeza papo hapo. Msuko unaomfanya mtu ameze dawa ya maumivu usiku ule umeshaanza kudhuru. Na mtoto wa miaka minne hana sababu yoyote ya kuongezewa rasta.

Utosi unapungua, unachoma au unauma ukiguswa

Kwa mwanamke, hasa mwenye nywele za kipilipili na mwenye umri wa miaka 30 kuendelea, uwazi unaoanzia utosini na kutanuka taratibu kama duara usiupuuze. Kuna ugonjwa unaochoma vinyweleo vya utosi na kuacha kovu. Wapo wanaohisi kuwaka moto au kuwashwa, na wapo wasiohisi chochote. Dalili ya mapema yaweza kuwa nywele za utosini tu kukatika fupi wakati za pembeni ni nzima. Sehemu ya ugonjwa huu ni ya kurithi. Mwaka 2019 watafiti waliuhusisha na jeni liitwalo PADI3, linalohusika na umbo la unywele. Kwa hiyo mama au shangazi mwenye utosi mtupu ni habari ya kumpa daktari.

Tofauti na nywele za baada ya homa, hapa kungoja ni hasara. Kilichokwisha kuwa kovu hakirudi. Matibabu yanalinda kilichobaki. Acha dawa ya kunyoosha na joto kali utosini, na umwone daktari wa ngozi mwezi huohuo.

Zinakatika, au "hazirefuki"

Unywele wa kipilipili hujipinda mara nyingi, na kila pindo ni mahali dhaifu. Mafuta ya ngozi hayateremki hadi nchani, kwa hiyo ncha hukauka. Huota taratibu pia: karibu sentimeta 0.8 kwa mwezi, wastani, sawa na sentimeta 9 au 10 kwa mwaka. Na ukikauka hujikunja hata kuficha zaidi ya nusu ya urefu wake.

Anayesema nywele zake hazikui ajipime hivi. Je, baada ya mwezi mmoja rasta zimeshuka kutoka kwenye ngozi? Je, mwanzo wa nywele zilizotiwa hina au dawa unasogea mbali na kichwa? Basi zinaota vizuri, tatizo ni kwamba zinakatika nchani kwa kasi ileile zinayoota chini.

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni dawa ya kunyoosha. Kazi yake ni kuvunja viungo vya keratini, na ukali wake wa alikali hufika pH 12 na zaidi, hata katika zile zinazouzwa kama zisizo na sodiamu haidroksaidi. Nywele zikikatikia zote karibu na ngozi, pale mpya zinapokutana na zilizonyooshwa, jua dawa ilirudiwa juu ya nywele zilizokwisha kupata dawa, au iliachwa muda mrefu mno, au haikusafishwa ikaisha. Igusishe nywele mpya tu, isirudiwe kabla ya wiki 8, na isipakwe juu ya ngozi yenye kidonda. Ikiwa zinakatika katikati na nchani, shuku pasi ya nywele, drai kali, rangi, au kuchana zikiwa kavu.

Mafuta ya nazi, ambayo Pwani yamekuwepo tangu mababu, yana sifa ya kweli: yakipakwa kabla ya kuosha hupunguza protini inayopotea kwenye unywele. Hayaoteshi nywele, yanazilinda zisikatike. Kitambaa laini usiku nacho husaidia. Kukata ncha hakuharakishi kuota, kwa kuwa kinyweleo hakijui kinachoendelea sentimeta 20 juu yake. Faida yake ni kuondoa mpasuko usiendelee kupanda.

Piko, ile rangi nyeusi ya kupaka, iweke akilini kama kichwa kimevimba, kinawasha na kutoa majimaji siku chache baada ya kupaka. Huo ni mzio. Usipake tena, hata kidogo.

Mabaka

Kwa mtoto wa shule, baka lenye magamba, nywele zilizokatika kama nukta nyeusi na tezi zilizovimba kisogoni ni mapunye hadi daktari aseme vinginevyo. Fangasi huyu huingia ndani ya unywele, kwa hiyo krimu peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Griseofulvini kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 8, na humezwa na chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe. Kagua ndugu zake wote, tenganisha vichana na kofia, na usimpeleke kwa kinyozi asiyesafisha mashine. Baka likivimba, likawa laini na kutoa usaha, usikamue wala kupasua. Mpeleke hospitali upesi kwa sababu linaweza kuacha kovu.

Baka la duara, laini kabisa, bila gamba wala muwasho, kwa mtoto au mtu mzima, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia vinyweleo. Haliambukizi na si kurogwa. Mabaka machache huweza kuota yenyewe ndani ya mwaka, na daktari anaweza kuchoma sindano za steroidi mahali hapo. Yakiongezeka au yakigusa nyusi, usingoje.

Nywele zilizotoboka vijisehemu vingi bila mpangilio, hasa pamoja na vipele mwilini au kwenye viganja, zinadai kipimo cha kaswende na VVU. Kaswende hutibika, na nywele hurudi.

Mwanamume, na mtoto mchanga

Panja kurudi nyuma na utosi kupungua pole pole kwa wanaume ni urithi na homoni: vinyweleo husinyaa, kila mzunguko hutoa unywele mwembamba kuliko uliotangulia. Kofia haihusiki. Minoksidili husaidia baadhi, lakini wiki za mwanzo huongeza kudondoka, na ukiiacha faida hupotea. Vipele vigumu kisogoni ni tatizo tofauti: vinachochewa na kunyoa karibu mno na ngozi. Mwambie kinyozi aache nywele kidogo, na tafuta tiba kabla havijawa makovu makubwa.

Mtoto mchanga hupoteza nywele za kuzaliwa nazo katika miezi ya kwanza, na kisogo huwa cheupe kwa kulalia. Zitaota. Kumnyoa hakuzifanyi kuwa nzito.

Ukienda hospitali

Kwa Tanzania, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza mwaka 1992, na wahitimu wake wanafanya kazi katika hospitali za mikoa mingi na nchi jirani. Ulizia kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu. Nenda umefumua, bila mafuta mazito kichwani, maana daktari anahitaji kuona ngozi na pengine kukata kipande kidogo kwa maabara. Beba zile nywele ulizookota ndani ya bahasha, picha za mstari wa mbele za mwaka jana na za sasa, na maboksi ya kila dawa unayomeza au kupaka. Kama umetumia krimu ya fangasi au ya steroidi ndani ya wiki chache zilizopita, liseme hilo mwanzo kabisa, kwa sababu linabadilisha kile kitakachoonekana.